Je, Mbwa Wako Achanjwe Homa ya Mgunda? Mwongozo kwa Wafugaji wa Mbegani na Pwani ya Bagamoyo

Mwenye mbwa akienda kwa daktari wa mifugo kuchanja kichaa, anaweza kuulizwa swali la pili: tumchome na ya homa ya mgunda? Wengi hujibu papo hapo. Mmoja hukubali kwa kuwa daktari kasema, mwingine hukataa kwa kuwa fedha iliyo mfukoni inatosha sindano moja. Wote wawili wamejibu kabla ya kumwangalia mbwa. Jibu zuri hupatikana ukishajua mbwa wako analala wapi, anakunywa maji gani, anapita wapi mvua ikinyesha, na panya wanamkaribia kiasi gani.

Makala haya ni kwa wafugaji wa mbwa wa Mbegani, Mlingotini, Kaole, Zinga na vijiji vingine vya pwani hii hadi Dar es Salaam. Shabaha yake ni moja: uamue kwa kuangalia mazingira ya mbwa wako, na ujue chanjo itakusaidia hadi wapi.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya mgunda, ambayo kitaalamu huitwa leptospirosisi, husababishwa na bakteria wanaoitwa leptospira. Vijidudu hivi hujificha kwenye figo za mnyama na kutoka pamoja na mkojo. Panya ndiye mbebaji mkuu, na kwa kawaida yeye mwenyewe haumwi. Ng'ombe, nguruwe, mbuzi na mbwa nao huweza kuvibeba. Mkojo ukiingia kwenye dimbwi, mtaro au udongo wenye unyevu, vijidudu huweza kuishi humo wiki kadhaa, mradi pana joto la wastani na hapakauki. Jua kali na ukavu huviua. Maji ya bahari hayavipi nafasi ya kudumu.

Vijidudu hivi huingia mwilini kupitia mchubuko, ngozi iliyolowa muda mrefu, macho, pua au mdomo. Kwa hiyo mbwa hana haja ya kumla panya ili aambukizwe. Inatosha anywe maji ya dimbwi ambalo panya wamelikojolea, au apite humo akiwa na kidonda kwenye unyayo.

Binadamu huambukizwa kwa njia hizo hizo. Julai 2022, wagonjwa waliokuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani walijitokeza katika Kituo cha Afya cha Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi. Sampuli zilipimwa, na Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonekana. Tarehe 18 Julai, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa ule ni homa ya mgunda. Hadi siku hiyo walikuwa wameugua watu 20, na 3 kati yao walikuwa wamefariki.

Ruangwa ilitangazwa kwa sababu watu waliugua kwa pamoja. Mara nyingi ugonjwa huu humpata mtu mmoja mmoja na kupewa jina lingine. Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 ulihusu wagonjwa waliolazwa hospitali kwa homa. Kati ya 453 waliopimwa damu mara mbili, 40 walithibitika kuwa na homa ya mgunda, sawa na asilimia 8.8. Ukijumlisha waliothibitika na waliokuwa na dalili kubwa ya kuwa nayo, karibu nusu walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Hapa pwani, ambako kila homa huanza kwa kudhaniwa malaria, jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Kwa nini Mbegani tulifikirie

Mbegani ipo kusini mwa mji wa Bagamoyo, kwenye ardhi tambarare iliyopakana na mikoko. Masika ya Machi hadi Mei yakinyesha vizuri, maji hutuama uani, kando ya barabara na kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huyarudisha. Ukipita Bagamoyo kuelekea kaskazini unakuta bonde la Ruvu, lenye mashamba ya mpunga na ya miwa. Kote duniani, mpunga na miwa ni kazi zinazojulikana kuwakutanisha watu na ugonjwa huu, kwa sababu panya hupenda mashamba hayo na mfanyakazi hushinda miguu ikiwa majini. Mbwa anayemfuata bwana wake shambani hupita maji yale yale.

Kisha kuna uvuvi. Penye vichanja vya dagaa, mabaki ya samaki na mabanda ya nyavu, panya hawakosekani. Mbwa anayekimbia ufukweni na kuoga baharini hayumo hatarini kwa sababu ya bahari. Anayestahili kuangaliwa ni yule anayelala chini ya banda la nyavu, kisha akanywa maji ya mvua yaliyojaa kwenye ndoo iliyotupwa.

Jambo la tatu ni aina ya mbwa tulionao. Wengi ni mbwa wa ulinzi: usiku wanazunguka uani, mchana wanajilaza penye kivuli na unyevu. Hawa wako karibu na panya kuliko mbwa wa ndani.

La nne ni jirani. Wengi wa majirani zetu hapa hawafugi mbwa na hawataki kuguswa naye, kwa mafundisho ya dini yao, na wana haki ya kuheshimiwa katika hilo. Lakini maji ya mvua hayajui mpaka wa ua. Mkojo wa mbwa wako huweza kushuka na maji hadi uani kwao, wanakocheza watoto. Mbwa aliyepona ugonjwa huu bila dawa sahihi anaweza kuendelea kutoa vijidudu kwenye mkojo kwa miezi. Kumkinga mbwa wako, basi, ni pamoja na kutimiza haki ya jirani.

Maswali matano kabla ya kuamua

Kwanza, je, kuna panya anapolala au anapokula mbwa? Usijibu kwa kudhani. Chukua tochi, toka saa tano usiku, uangalie sahani yake. Kama kuna ugali na vichwa vya dagaa vilivyobaki, angalia kando yake kama kuna vinyesi vyeusi, vidogo kama punje za mchele. Panya anayekuja kula masalia hukojoa pale pale, na asubuhi mbwa huilamba sahani ile ile.

Pili, je, mbwa hufikia maji yaliyotuama? Hesabu dimbwi, mtaro, kisima kisichofunikwa, jaruba, tairi lililojaa maji na ndoo ya mvua.

Tatu, je, yuko karibu na ng'ombe, nguruwe au mbuzi, au huwafuata watu mashambani na porini? Je, huwinda panya buku? Mbwa hodari wa kuwinda panya ndiye anayehitaji kinga zaidi.

Nne, nani anamgusa? Kama anaoshwa na watoto, kama kuna mjamzito nyumbani, au kama mlinzi husafisha banda lake bila mabuti, maambukizi ya mbwa yana njia fupi ya kumfikia mtu.

Tano, je, unaweza kukamilisha dozi? Chanjo hii haifanyi kazi kwa sindano moja. Inahitaji mbili za mwanzo, kisha moja kila mwaka.

Ukijibu ndiyo kwa swali la kwanza, la pili au la tatu, mbwa wako anastahili chanjo hii, na jibu la swali la nne litakuonyesha haraka inayotakiwa. Mbwa anayeishi ndani, anayekunywa maji ya bomba kwenye bakuli safi na kutoka kwa kamba penye ardhi kavu, hatari yake ni ndogo. Kwa huyo, zungumza na daktari bila wasiwasi. Kwa mbwa wengi wa ulinzi wa Mbegani, ushauri wangu ni wa wazi: mchanje, ukishatimiza jambo linalofuata.

Kichaa kwanza

Kama fedha inatosha chanjo moja, iwe ya kichaa cha mbwa. Hapa hakuna mjadala. Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote wa kichaa duniani waliambukizwa na mbwa. Homa ya mgunda inatibika kwa antibayotiki ikigunduliwa mapema, kichaa hakina tiba ya namna hiyo. Mbwa achanjwe kichaa kuanzia miezi 3 ya umri, kisha kwa ratiba ya daktari. Ulizia kwa ofisa mifugo wa kata kuhusu kampeni za chanjo, hasa inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Baada ya kichaa, kinga ya magonjwa ya parvo na distempa nayo ni ya lazima, hasa kwa watoto wa mbwa. Habari njema ni kwamba homa ya mgunda mara nyingi huja pamoja na hizo katika chanjo ya mchanganyiko, hivyo pengine utalipia ziara ile ile.

Chanjo inafanya nini, na haifanyi nini

Leptospira zina aina zaidi ya 250, na huwekwa kwenye makundi. Chanjo hukinga dhidi ya makundi iliyotengenezewa. Kuna chanjo za makundi 2, Canicola na Icterohaemorrhagiae. Kuna za makundi 4, ambazo huongeza Grippotyphosa pamoja na Australis kwa nyingi zinazotoka Ulaya, au pamoja na Pomona kwa zinazotoka Marekani.

Tofauti hii ina maana kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamefuatilia leptospira kwa miaka mingi katika panya, mifugo na watu. Walipata kwa ng'ombe aina waliyoipa jina la Sokoine, ambayo imo katika kundi la Icterohaemorrhagiae, na kwa panya buku walipata aina ya kundi la Ballum. Kwa wagonjwa wa Moshi, makundi yaliyojitokeza zaidi yalikuwa Mini na Australis. Maana yake ni kwamba chanjo ya makundi 4 yenye Australis ni bora kwako kuliko ya makundi 2 kama zote zinapatikana, lakini hata hiyo haigusi Ballum wala Mini.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba mbwa wako hawezi tena kuugua. Sema amepunguziwa hatari, na akiambukizwa na kundi lililomo kwenye chanjo, uwezekano wa kuugua vibaya na wa kumwaga vijidudu kwa mkojo ni mdogo zaidi. Faida hiyo inatosha. Mwaka 2024 chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kilielekeza kwamba pale ugonjwa ulipo, makundi yake yanapojulikana na chanjo ifaayo inapopatikana, chanjo hii ihesabiwe miongoni mwa zile za msingi.

Madhara yake mara nyingi ni madogo: mbwa hupoa siku moja au mbili, hupunguza kula, au pale alipochomwa huuma na kuvimba kidogo. Mzio mkali hutokea mara chache, na mbwa wenye miili midogo huupata zaidi kuliko wakubwa. Dalili zake ni uso kuvimba, vipele, kutapika au kuishiwa nguvu ndani ya saa chache. Kaa na mbwa karibu na kliniki angalau nusu saa baada ya sindano. Kama aliwahi kupata mzio, ana mimba, au ana homa siku hiyo, mwambie daktari kabla hajavuta dawa.

Panga kwa kufuata mvua

Mtoto wa mbwa huanza kuanzia wiki 8 hivi za umri, kulingana na chanjo iliyopo. Mbwa mkubwa ambaye hajawahi kuchanjwa huanza wakati wowote. Sindano ya pili hufuata baada ya wiki 2 hadi 4, kisha moja kila baada ya miezi 12. Usisogeze ya mwaka, kwa sababu kinga ya chanjo hii haidumu kama ya parvo. Ukichelewa sana, daktari anaweza kukurudisha mwanzo, kwa sindano mbili.

Kinga kamili huja wiki kadhaa baada ya sindano ya pili. Ukitaka mbwa awe tayari kwa masika, anza Januari: ya kwanza katikati ya Januari, ya pili katikati ya Februari, na mvua za Machi zitamkuta na kinga. Aliyeikosa nafasi hiyo aanze Agosti, kabla ya vuli. Katika tarehe hizo weka na akiba ya fedha: muulize daktari bei ya sindano zote mbili kwa pamoja, pamoja na nauli kama atakufuata nyumbani, ili usikwame katikati.

Siku ya sindano, angalia kichupa

Chanjo ni ya kutunzwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Bagamoyo ina joto, na umeme hukatika. Una haki ya kuona imetoka wapi: kwenye friji, au kwenye kikasha chenye barafu. Kichupa kilichokaa juu ya dashibodi ya gari au mfukoni kisipokelewe.

Kisha omba kukishika kabla hakijafunguliwa. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Tafuta herufi L kwenye jina la chanjo, ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba leptospira imo. Ukiona L4, ni makundi manne. Kuna mbwa wengi ambao wafugaji wao wanaamini wamechanjwa "zote", kumbe mchanganyiko uliotumika hauna kabisa kinga ya homa ya mgunda. Hakikisha stika ya kichupa imebandikwa kwenye kadi ya chanjo, pamoja na namba ya toleo, tarehe, sahihi ya mtoa huduma na tarehe ya kurudi. Piga picha ya kadi hiyo kwa simu. Na aliyeshika sindano awe mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kumwomba cheti chake si utovu wa adabu.

Uani pako pia panahitaji kinga

Chanjo hukinga mbwa mmoja. Usafi hukinga kaya nzima, pamoja na dhidi ya makundi ambayo chanjo haiyafikii.

Mpe mbwa chakula cha kumaliza, na sahani iondolewe kabla ya kulala. Pumba na dagaa viwekwe kwenye ndoo zenye vifuniko. Maji yabadilishwe kila siku. Fukia mashimo, toboa matairi, geuza ndoo. Inua sakafu ya banda ikauke, na lipate jua.

Tumia mitego ya panya kuliko sumu. Mbwa akila panya aliyekufa kwa sumu anaweza kufa naye, na watoto wako hatarini vilevile.

Unaposafisha banda, vaa glavu na mabuti. Usipige maji kwa mpira kwa nguvu, kwa sababu mkojo hurukia machoni na mdomoni. Mwaga kwanza dawa ya kuua vijidudu: kipimo 1 cha Jik kwa vipimo 9 vya maji, acha dakika 10, kisha suuza. Usichanganye Jik na sabuni nyingine kali.

Mbwa akiugua, na mtu akiugua

Mbwa mwenye homa ya mgunda huweza kutetemeka, kukataa chakula, kutapika, kuumwa misuli hata asitake kusimama, kunywa maji mengi, kukojoa sana au kuacha kukojoa, na macho au fizi kuwa manjano. Magonjwa ya kupe, ambayo hapa pwani ni mengi, hufanana nayo. Ndiyo maana usinunue dawa dukani kwa kukisia. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu figo na ini huharibika haraka. Mtajie tarehe ya chanjo ya mwisho, maana chanjo inaweza kuathiri majibu ya kipimo cha damu. Antibayotiki kama doksisaiklini hutumika, lakini kwa dozi na muda atakaopanga daktari. Wakati wa matibabu mtenge penye sakafu inayosafishika, na mkojo wake ushikwe kwa glavu.

Kwa binadamu, dalili huanza mara nyingi kati ya wiki 1 na 2 baada ya kuambukizwa, ingawa zinaweza kuchelewa hadi mwezi: homa ya ghafla, kuumwa kichwa, maumivu makali ya misuli hasa ya mashavu ya miguu, macho mekundu, kutapika. Manjano, mkojo kupungua, kutokwa damu au kushindwa kupumua ni dharura. Nenda kituo cha afya, na usisubiri kuulizwa. Sema: "Nyumbani kuna mbwa mgonjwa," au "Nimelima kwenye maji," au "Nimesafisha stoo yenye panya." Kipimo cha malaria kikitoka hasi, kauli hiyo ndiyo itakayomwelekeza mganga kwenye homa ya mgunda.

Hatua ya kuanzia

Wiki hii fanya mambo matatu. Tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako uone kama kichaa bado kiko ndani ya muda. Kama hakimo, anza hapo. Zunguka ua wako kwa maswali matano yaliyotajwa, mchana kwa maji na usiku kwa panya. Kisha mpigie daktari wa mifugo umuulize ana chanjo ya leptospira ya makundi mangapi, na dozi nzima ni bei gani. Ukiwa na majibu hayo mkononi, utakubali au utakataa kwa sababu unayoweza kuieleza, na kama umekubali, tarehe ya sindano ya pili iandikwe kwenye kadi kabla hujaondoka kliniki.